Mbunge na Vitanda vya Kuazima

Nakumbuka asubuhi ile kitanda changu cha harusi kilipotolewa nje, wanaume wamekibeba mabegani, mie nyuma yao na tumbo langu, nawasihi wasikikwaruze mlangoni. Kilikuwa samadari ya mninga, kazi ya fundi wa Tanga mjini, na mwaka ulikuwa haujapinduka tangu niolewe. Kilikuwa kinapelekwa zahanati. Mwanangu, umeniambia kesho unasimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza kama diwani wao, uwaeleze umefanya nini tangu wakuchague. Basi weka simu chini, unywe chai, nikuhadithie kitanda kile kilikwenda kufanya nini.

Kijiji chetu, unakijua, kiko ndani, ukishaipita Pongwe. Enzi hizo kufika hospitali ya mjini ilikuwa shughuli nzito, na masika yakishika ndiyo kabisa, gari haliji. Jirani yangu Mama Eliza, wa wale Walutheri ambao baba zao waliletwa kukata mkonge, alishikwa na uchungu siku ya mvua. Wakampakia kwenye baiskeli. Akajifungua njiani, na mtoto akamfia mikononi. Nilikwenda kumpa pole nami nina mimba changa. Tangu siku hiyo niliomba kitu kimoja tu, ile wodi ya wazazi tuliyoahidiwa na mbunge ifunguliwe kabla siku zangu hazijafika.

Mbunge mwenyewe alikuwa mwanamke, tukimwita Bi Rukia. Mwembamba, sauti nzito, hana makuu. Kila Bunge likiahirishwa alikuja kutueleza alichokisema huko Dodoma na kilichojibiwa, hata mwaka usio wa uchaguzi. Hilo tu lilitushangaza, kwa kuwa wengine tuliwazoea kuwaona na fulana za kampeni, halafu basi. Safari ile alileta habari kwamba anakuja na mkubwa mmoja kutoka mkoani, aje kuikagua wodi na kuipokea. Na wodi yenyewe ilikuwa kuta, bati na chokaa nyeupe. Ndani hamna kitu. Vitanda tuliambiwa vinakuja, tukachoka kuvingojea.

Sasa unawajua watu wetu na mgeni. Mgeni haingizwi kwenye chumba kitupu, haiwezekani. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji kizima, hakuna bibi harusi ambaye hakupita mkononi mwake. Akatuita wanawake, akasema, "Mtu wetu ataaibika mbele ya wakubwa. Na siye tupo? Tumpambie."

Tukaipamba wodi kama tunavyopamba chumba cha mwari. Vitanda vikatoka nyumba hii na ile, na changu, kwa kuwa ni kizuri kuliko vyote, kikawekwa mbele karibu na mlango. Tukatandika mashuka yaliyodariziwa, tukafunga vyandarua, tukatunga asumini na kuzining'iniza. Chetezo cha udi kikafuka pembeni. Mama Eliza, na msiba wake ule bado mbichi, alileta mito yake. Wallahi ilipendeza. Wala usidhani tulijiona tunadanganya. Tulijiona tunamsitiri mtu wetu, na mavyaa alitembea siku ile kifua mbele kama aliyeozesha.

Bi Rukia alifika wodini kwanza, mgeni wake akiwa bado kwa mwenyekiti wa kijiji anapewa chai na vitumbua.

"Hodi, mama zangu. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," mavyaa akaitikia. "Pita, pita uione wodi yako."

Akaingia, akasimama. Nilimwona akivuta harufu ya udi, akitazama asumini, halafu akaja polepole mpaka kwenye samadari yangu akaishika.

"Hiki cha nani?"

"Changu, mheshimiwa," nikajibu, najivuna kidogo.

Akanitazama uso, akanitazama tumbo. "Leo utalala wapi, mdogo wangu?"

"Mgeni akishaondoka kinarudi nyumbani."

"Na siku ya uchungu?"

Hofu niliyokuwa nimeifungia tangu msiba wa Mama Eliza ilifumuka pale pale, nikalia mbele ya wanawake wote, sina hata haya. Mama Eliza akanishika mkono, naye analia.

Bi Rukia hakutuharakisha. Tuliponyamaza akamgeukia mavyaa, akamwambia kwa adabu kubwa, "Mama, hata harusi yangu sikupambiwa hivi. Mmeniheshimu, na sitausahau wema huu. Lakini huyu mkubwa akiiona hivi ataandika kwamba imekamilika. Ikishaandikwa imekamilika, nani ataleta vitanda tena? Huyu binti atazalia wapi?"

Mavyaa akainama. Nilimjua mavyaa, mwanangu, hakuwa mtu wa kuinamia mtu.

Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni, amesikia. Akamvuta Bi Rukia kando, lakini siye tulisikia kila neno. "Mheshimiwa, tafadhali. Sema tu mambo mazuri leo. Na huko chamani watakuelewaje? Uchaguzi huu hapa."

"Najua, mzee wangu," akasema. "Naogopa vilevile. Twende tu."

Watu walijaa uwanja wa shule. Taarifa yake ilianza vizuri. Barabara imechongwa mpaka mtoni, makofi. Shule imepata walimu wapya, vigelegele. Mgeni anatabasamu, mwenyekiti anapumua. Kisha Bi Rukia akaikunja karatasi yake.

"Niliandika humu kwamba wodi ya wazazi imekwisha," akasema. "Haijakwisha. Kuta zipo na bati lipo. Kitanda hakuna hata kimoja, mkunga hakuna, taa hakuna. Vitanda alivyoandaliwa mgeni wetu avione ni vya majumbani kwenu, na waume zenu leo walikuwa walale mkekani." Watu wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka. "Msiwalaumu mama zangu. Walinipenda, wakanifunika. Kosa ni langu. Nilipoona bati limepanda nilidhani kazi imekwisha, sikufuatilia. Mheshimiwa mgeni, naomba usiipokee wodi hii."

Mie nilikuwa nimekaa chini na wenzangu, namtazama mgeni. Uso ulimbadilika, nikajua amekasirika. Akanyanyuka, akaomba apelekwe wodini, akaingia peke yake. Alipotoka alisema maneno machache tu, kwamba hataipokea, na kwamba mpaka vitanda vifike gari la halmashauri lilale kijijini kwetu. Gari likalala. Ndilo lililonipeleka mjini mvua inanyesha, nikajifungua kaka yako mkubwa salama, mikononi mwa mkunga. Mpaka leo likinguruma gari la serikali namwombea dua mwanamke yule.

Vitanda vilichelewa. Hapo ndipo nilipompenda zaidi, kwa sababu aliendelea kuja. Anasimama, anatuambia, "Bado, wenzangu. Nimeuliza, wamenijibu hivi, narudi kuuliza." Hakuna anayependa kuja kusema bado. Watu wengine walinuna, wengine walimtania njiani, na yeye akaja tena. Vikaja hatimaye, vya chuma, na mavyaa akavifukiza udi kila kimoja kabla hajaruhusu mtu akilalie. Taa nazo zikafungwa. Mkunga tu ndiye alikuwa hajapatikana.

Uchaguzi ulipofika, wapinzani wake walizunguka na maneno yale ya uwanjani. Mbunge gani anajitangaza kwamba ameshindwa? Kijijini kwetu tulimpa kura zote tulizokuwa nazo. Kwingine zilimponyoka. Akaanguka.

Nililia kama nimefiwa. Tukasema basi, huyo ndiyo hatumwoni tena.

Siku moja, namkogesha mtoto uani, nikasikia hodi. Alikuwa Bi Rukia, amekuja kwa basi, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Hana gari, hana mtu wa kumfungulia mlango. Nikamwita mavyaa, na wanawake wakaja mbio kutoka kila upande. Tulitaka kumpa pole kwa kuanguka, yeye akatuzuia kwa mkono.

"Nimekuja kumalizia taarifa yangu," akasema. "Mkunga wenu ameshapangiwa. Niliulizia kabla sijatoka, jibu limekuja sasa. Nisingeweza kuwaacha na bado."

Mavyaa alimkumbatia.

Mwanangu, nimeviona vyeo vingi vikipita katika njia hii yetu, na vingine vilipita na ving'ora. Sijamwona mtu mkubwa kumshinda yule mwanamke pale uani kwangu na viatu vyake vya vumbi. Kwa hiyo kesho ukisimama, anza na lile ambalo hujalimaliza, ulitaje kwa jina lake, na useme limekwama wapi na wewe ulizembea wapi. Mazuri yako watayaona wenyewe, wana macho. Watu watakupenda, na wakikupenda watataka kukufunika; wapokee upendo wao kwa mikono miwili, lakini usikubali kufunikwa, kwa maana chini ya shuka lile kuna mtu anayeumwa. Ukiwaambia bado, rudi. Na siku watakapokunyima kura, kama una jibu lao mkononi, wapelekee.

Haya, inuka ukajiandae. Mungu aupe ulimi wako ukweli na miguu yako nguvu ya kurudi. Akupe kazi yenye kheri, na akulinde na sifa zisizo zako. Radhi zangu zote unazo, mwanangu, leo na siku ambayo mie sitakuwepo kukupa.