Wiki Mbili Kusiko na Jamaa

Kwetu mtu hasafiri kwenda mahali, husafiri kwenda kwa mtu. Unguja ni kwa mama mkubwa, Mombasa kwa binamu, Dubai kwa wifi, na London kwa yeyote mwenye godoro la ziada. Nasriya ameolewa miaka thelathini na moja na dunia ameiona kwa mtindo huo, akilala vyumba vya watoto wa watu, na kila asubuhi mwenyeji anagonga mlango kuuliza kama wanakula mandazi. Hata fungate yake na Khalil ilikuwa nyumbani kwa watu, na wakwe chumba cha pili wakisikia kila kikohozi.

Nyumbani kwao Azaiba, mjini Maskati, si afadhali. Yeye anafanya kazi maabara ya maji wizarani, mumewe ni mhandisi aliyestaafu mwaka jana, na ghorofa ya juu wanakaa wana wao wawili, wake zao na wajukuu. Khalil akiwa na neno la siri la kumwambia mkewe, husubiri mpaka waingie garini.

Ndiyo maana mwaka huu Nasriya akachagua Dominika, kisiwa kidogo cha Karibiani chenye misitu mingi na mahoteli machache. Alikisoma miezi minne, kila siku wakati wa chakula cha mchana ofisini. Akapata nyumba ya mbao kando ya mto. Mwenye nyumba, mtu mwaminifu, akamwonya kwamba mtandao ni hafifu na siku nyingine haupo kabisa. Nasriya akalipa siku ile ile.

Tiketi zikakatwa: Maskati, London, Barbados, kisha ndege ndogo. Ikabaki kuaga. Kusafiri bila kuaga wakubwa ni tusi lisilofutika, kwa hiyo Ijumaa baada ya sala wakaenda Ruwi kwa Shariffa, shangazi yake Khalil, mwenye miaka themanini na kitu na simu mbili. Mpango wa Nasriya ulikuwa mwepesi: waseme wanakwenda upande wa Amerika, wale halua, waondoke.

"Mnafikia kwa nani?" Shangazi akauliza.

Khalil hajui kusema uongo. Ni sifa njema, lakini ina wakati wake.

"Tumekodi nyumba, Shangazi. Hatuna mtu kule."

"Mmekodi! Kama hamna kwenu? Wallahi watu watatucheka." Simu keshaishika. Akaisogeza mdomoni, akaupelekea ukoo mzima sauti yake kwenye kundi lao la simu: "Nani ana mtu Dominika? Watoto wanakwenda, hawana pa kufikia."

Kahawa haijapoa, majibu yakaja. Loai, aliyeko Toronto, akasema Azzam mtoto wa Asaad anasomea udaktari Grenada, si mbali na hapo, na maskini anaishi kwa mkate na tuna. Azzam mwenyewe akaingia kundini, kwake bado alfajiri: ana likizo wiki hizo hizo, atawafuata Dominika, kochi linamtosha, na je, Mama Nasriya anaweza kumpikia biriani?

"Mnaona?" Shangazi akasema, machozi ya furaha yakimlenga. "Hamtakuwa peke yenu."

Khalil akatazama zulia.

"Sitaki," Nasriya akasema.

Neno hilo haambiwi mzee, na hata yeye alishtuka kulisikia likimtoka.

"Hutaki nini, mwanangu?"

"Mtu. Nnataka kukaa na mume wangu, Shangazi, sisi wawili tu. Miaka thelathini na moja sijapata hata wiki moja. Nishasahau tukikaa peke yetu tunazungumza nini." Akaanza kulia, jambo lililomuudhi sana, maana alitaka kulisema kwa adabu.

Shangazi akamtazama. Alimtazama muda wa kutosha Khalil kula tende tatu kwa woga. Kisha akainua simu tena.

"Azzam, baba, kaa usome. Wameshapata mtu wa kufikia kwake. Na nyinyi wengine basi, msiwasumbue."

Khalil akauliza, kwa dhati kabisa, "Tumempata nani, Shangazi?"

"Mkeo," akasema Shangazi Shariffa. "Ukifika, nisalimie."