Moshi Kaburini kwa Baba Mkwe

Jamani, hili ninalowasimulia nimelificha hata kwa wenzangu wa kazini, maana aibu yake si ile ya kuteleza mbele za watu ukajikung'uta mkacheka wote. Ni aibu ya msibani, na aliyeibeba zaidi si mimi.

Mimi ni dereva wa wageni mbugani hapa Mikumi, na mgeni mmoja alinizoesha siga ndogo, zile za kahawia zinazoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe badala ya karatasi. Asikudanganye mtu, ni tamu. Moshi wake humezi, unaushikilia tu mdomoni mpaka ladha kama ya kahawa inayokaangwa ikujae puani, halafu unauachia taratibu, wala haikukimbizi kama sigara (sigara ukijibu salamu mbili imeisha). Na kubwa zaidi, ukiacha kuivuta hujizima yenyewe, kesho unaiwasha unaendelea. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonimaliza.

Baba mkwe wangu, Mzee Hamisi, mkulima wa mpunga kule Tindiga, alinipenda kuliko nilivyostahili. Akiwa mgonjwa aliwaambia wanawe kwamba siku yake ikifika, mimi niwe mmoja wa watakaoshuka kaburini kumpokea. Shemeji yangu Ramadhani, mwanawe mkubwa, aliona nafasi hiyo ni yake, uso wake niliuona.

Siku ya mazishi sikuwa nimelala, nimelia mpaka kichwa kinagonga, basi tulipotoka msikitini nikajibanza nyuma ya ukuta nikavuta kidogo, mara nikasikia jeneza linapita. Mwenye akili angeitupa. Mimi nikaona imebaki nusu, nikaigusisha ukutani, nikaitia mfuko wa kanzu (itajizima yenyewe, si ndiyo kawaida yake), nikakimbilia kubeba.

Tukashuka. Juu yetu wakatanda shuka kama ilivyo desturi, mwili ukateremshwa, mimi nikapokea upande wa kichwa. Tulikuwa tunamlaza kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, nilipohisi joto pajani, na nikajua papo hapo ni nini, lakini mikono yangu ilikuwa imebeba kichwa cha baba mkwe, ningekiachia vipi? Moshi ukajaa chini ya shuka, ukaanza kutokea pembeni, na huko juu sauti za dua zikakatika moja moja.

"Astaghfirullah," mzee mmoja akasema. "Kaburi linatoa moshi."

Mwingine akamjibu kwa sauti ya chini, "Ya mtu huyajui yote."

Yaani walikuwa wanamhukumu Mzee Hamisi, mtu ambaye hakuwahi kugusa hata suke la shamba la jirani, naye hana tena mdomo wa kujitetea. Nilipomaliza kumlaza nikachomoa ile siga, nikaiinua juu pembeni mwa shuka. "Ni mimi. Ni siga yangu. Marehemu hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Ramadhani akafunua shuka upande mmoja, akanitazama. "Toka, shemeji. Nitamalizia mimi."

Nikapanda, paja limeungua, kanzu ina tundu la kupitisha mkono, na watu wakanipisha. Hata udongo sikutia.

Mke wangu Mwanahawa hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Aliniambia tu, "Baba alikuomba kitu kimoja."

Siga nimeacha na nimeapa sitaigusa tena, lakini hilo halimsaidii mzee. Waliosimama nyuma siku ile hawakusikia maneno yangu, wao waliona moshi tu, na ndio waliokwenda kusimulia. Juzi binti yetu amerudi kutoka likizo kwa bibi yake, akaniuliza kama ni kweli babu aliungua kaburini. Nikamkalisha, nikamweleza yote tangu mwanzo, nikamwonyesha na kovu.

Akaligusa kwa kidole. "Mimi nakuamini, baba," akasema. "Ila wao hawataamini."