Siku Mkwe Alipoturusha

Dada yangu hakuwahi kumtazama mkwewe usoni mpaka siku walipokalishwa kiti kimoja angani, tena kwa amri ya mzani.

Mpwa wangu, bintiye wa pekee, alikwenda Slovakia kusomea udaktari, akarudi na shahada na mume. Mume mwenyewe hakuwa na kasoro. Alikuwa amesilimu kabla ya ndoa, mpole, mrefu kama mlingoti, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwa mkewe. Tatizo ni kwamba alikuwa amejifunza kwa mkewe peke yake, kwa hiyo alizungumza kama mwanamke wa kijijini kwetu Kiwangwa. Ukimuuliza hali, atakwambia, "Mwenzenu nimechoka miye, jua hili jamani." Wanaume barazani walikuwa wanageukia ukutani wacheke.

Kazi yake huko kwao ni urubani wa ndege ndogo. Anawapandisha wageni, anawazungusha juu ya milima yenye theluji na makasri ya kale yaliyojengwa kwenye vilele vya majabali. Alituonyesha picha kwenye simu. Dada alizitazama kwa heshima, simu nikiwa nimeishika mimi.

Maana kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Bibi yetu akimwona mkwewe anakuja njiani, alikuwa anaingia kichakani hata kama kichaka ni cha upupu. Dada amesoma kidogo, haingii kichakani, lakini hakuwa akimtazama kijana yule wala kusema naye. Alisema nami.

"Mwulize mkweo kama chai imemtosha."

"Amekusikia, dada. Yupo hapa."

"Mwulize."

Nikamwuliza. Kijana akasema imemtosha, ahsante. Nikamgeukia dada nikamwambia imemtosha. Dada akasema, "Mwongezee."

Naye kijana alikuwa amefundishwa na mkewe kwamba kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana. Kwa hiyo mmoja hakuweza kusema basi, na mwingine hakuweza kuona uso wa mtu aliyeshiba. Mimi katikati kazi yangu ilikuwa kupakua.

Siku moja baada ya chakula cha jioni, mkwe akatoa shukrani zake. "Kwetu mgeni akija, namrusha," alisema. "Na nyie wakwe zangu, mmenipokea vizuri jamani, nataka niwarushe."

Shemeji yangu, mume wa dada, akakohoa. Kwetu kumrusha mtu ni kumdhulumu. Mpwa wangu akaeleza haraka kwamba mumewe amekodi ndege ndogo Dar es Salaam, na rubani wake, itupitishe pwani yote mpaka Kaole na Bagamoyo, kisha tuje huku bara tuone nyumbani kwetu kutoka juu. Abiria ni watatu tu. Mpwa wangu alikuwa mjamzito, na dada alikuwa ameshapiga marufuku hata kupanda bodaboda. Shemeji akasema goti lake haliruhusu. Akalishika goti lenyewe kwa mikono miwili ili tulione. Nafasi ikaniangukia mimi, ambaye nina duka la vifaa vya umeme Bagamoyo mjini, na mwili wa mtu aliyekaa nyuma ya kaunta maisha yake yote.

Asubuhi ya safari dada aliamka mapema akapika kana kwamba tunakwenda Hija kwa miguu. Mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, chapati, maharage, na nanasi la shambani kwake, tamu mpaka linawasha ulimi. Mkwe alikula. Kila sahani yake ilipokaribia kuwa nyeupe, nilisikia nyuma ya mlango, "Mwongezee." Mara ya mwisho kijana aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Nilimwongezea, kwa sababu aliyesimama nyuma ya mlango ni dada yangu mkubwa.

Uwanja wa ndege tulipokelewa na binti mwembamba aliyevaa shati jeupe na kujitanda mtandio mweusi. Dada akamwuliza rubani yuko wapi.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Dada alimkagua kuanzia mtandio mpaka viatu. "Marahaba, mwanangu. Afadhali. Wanaume wanakimbiza."

Kisha binti yule akatutaka tupande kwenye mzani, mmoja mmoja. Ndege ndogo, alieleza, haipendi uzito ukae vibaya. Nilipopanda mimi, mshale ulikwenda ukapumzika mahali ambapo wapagazi wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Nimewahi kuuza korosho, najua uso wa mtu anayekadiria gunia.

"Wewe, mzee, utakaa mbele na mimi," rubani alisema. "Mama na kaka watakaa nyuma."

Kiti cha nyuma cha ndege ile ni kimoja, kifupi, kama cha bajaji. Dada alikiona, akanivuta kando.

"Mwambie abadilishe. Nikae mbele mimi."

Nikamweleza rubani. Akasema haiwezekani, mzee akikaa nyuma mkia utakuwa mzito. Nikarudi nikamweleza dada kwamba mimi nikikaa nyuma tutaruka kama jogoo, kichwa juu. Dada alimtazama rubani, akanitazama tumbo, akasema, "Na ulivyokuwa mwembamba ulipokuwa mdogo."

Tukaingia. Dada alijibana ukutani, akajifunika kanga mpaka machoni, uso akaugeuzia dirishani. Mkwe naye kwa adabu alijikunja upande wake, magoti yakamfika kifuani. Kati yao waliacha nafasi ambayo ungeweza kupitisha kitabu chembamba. Rubani akatuvisha hedifoni, akafunga milango, akasoma dua ya safari. Dada akaitikia amina, tukaondoka.

Nilichokisahau kumweleza dada ni kwamba zile hedifoni zinasema kwa wote. Yeye alidhani anazungumza na mimi peke yangu.

"Wewe," ikasikika sauti yake masikioni mwetu sote, tukiwa juu ya Mbweni. "Mwambie mkweo avute goti. Linanigusa."

Kabla sijajibu, nyuma nilisikia kijana akihangaika kulivuta goti ambalo halikuwa na pa kwenda.

"Na kwa nini hasemi kitu? Kanuna? Au ndio anasali? Mtu mrefu vile anaogopa?"

"Mama," sauti ya mkwe ilisema taratibu, "siogopi miye. Nimeshiba."

Rubani aliuma mdomo akatazama mbele. Dada hakusema tena mpaka Mapinga, na aliposema, alimwambia Mwenyezi Mungu.

Tulipofika Kaole, rubani alizungusha ndege ili tuone. Kutoka juu, magofu yale ambayo tangu utoto nimeyahesabu kuwa makubwa yalikuwa kama sahani zilizovunjika zikaachwa nyasini. Msikiti wa kale, makaburi na minara yake, vyote vingeingia kwenye kiwanja cha mpira. Mkwe alisisimka. Akatoa kamera, akaomba tuzunguke tena, na tena. Akaniuliza kasri liko upande gani. Nikamwonyesha magofu. Akauliza tena kasri, penye mfalme. Nikamwambia hapa hapakuwa na mfalme wa kukaa juu ya jabali, palikuwa na wafanyabiashara waliojenga karibu na bahari ili wawe karibu na mizigo yao. Akakubali, akainamisha uso kwenye kamera, na binti akalaza bawa tukazunguka mara nyingine, jua la saa sita likitupiga, na joto la ardhini likiinyanyua ndege na kuiachia kama mtoto anavyochezea mpira.

Juu ya Ngome Kongwe ya Bagamoyo alikuwa bado anapiga picha. Nililiona paa la duka langu, nikaliona lina kutu kuliko nilivyodhani. Tulipopita mto Ruvu kuelekea bara, kamera ilikuwa imenyamaza.

Nilisikia dada akisema, "Huyu mbona kijani?"

Nikageuka kwa shida. Mkwe wetu, rubani wa milima ya theluji, alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, jasho linamtoka, rangi yake kama embe bichi. Baadaye alitueleza kwamba rubani asiposhika usukani mwenyewe ni abiria kama abiria mwingine, na kwamba kutazama ndani ya kamera ndege inapozunguka ni kosa ambalo yeye huwakataza wageni wake kila siku. Wakati ule hakueleza chochote. Alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu zote.

Rubani akasema mifuko ya kutapikia ipo kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Kijana akapapasa kiti changu, akavuta karatasi ya maelekezo ya usalama. Akapapasa tena. Nilijaribu kuupeleka mkono nyuma, tumbo likakataa.

Basi dada yangu, mjukuu wa mwanamke aliyeingia kwenye upupu, akajifunua. Aliufikia mfuko, akaufungua, akamshika mkwewe kisogo kwa mkono wa kushoto kama anavyoshikwa mtoto anayenyweshwa dawa, akamwinamisha.

"Tapika, baba," alisema. "Tapika, usione haya. Chakula changu mwenyewe hicho, nakijua."

Kijana akatapika. Mfuko wa kwanza haukutosha. Wa pili nao ulipofika ukingoni, dada akaitoa kanga yake ya juu akamfuta mdomo, akamfuta paji la uso, akawa anamsugua mgongo na kumsomea Kul-huwallahu. Kwenye hedifoni tulisikia yote. Binti rubani alifungua tundu la hewa, akaniambia kwa upole kwamba kule mbali kushoto, kwenye ukungu, ni milima ya Uluguru. Nikamtangazia mkwe kwamba milima ile pale. Alinyanyua kidole kimoja kuonyesha kwamba amesikia.

Hivyo ndivyo tulivyofika Kiwangwa. Rubani alishuka kidogo ili dada aone kwake, na dada, mfuko mkono mmoja, mkwe mkono mwingine, akachungulia.

"Lile shamba la mananasi langu. Ule mkorosho wangu. Lile paa letu." Kisha akabandika paji la uso kwenye kioo. "Na yule ni nani anakimbia?"

Katikati ya mistari ya mananasi mtu alikuwa anakimbia. Alikuwa amevaa fulana nyeupe na msuli, ameupandisha msuli juu ya magoti, na mkononi ana ndoo nyekundu. Aliruka mananasi kama swala, akatokea upande wa pili, akaendelea kukimbia tunakoelekea.

"Huyo ni shemeji," nilisema.

"Si ana goti?"

"Alikuwa nalo asubuhi."

Rubani akazunguka. Mtu wa ndoo naye akageuka, akakimbia kwa upande ule tulioelekea. Rubani akanyanyua ndege tukapanda juu, na yule mtu akasimama, akaweka ndoo chini, akatutazama mpaka tukapotea. Dada alikuwa amegeuza shingo yake yote. Aliusahau mkono wake mgongoni kwa mkwe, ukaendelea kusugua peke yake.

Tulipotua Dar, mpwa wangu, aliyekuwa akitusubiri uwanjani, alimkuta mumewe akitembea amemwegemea mama yake, kanga ya mama imemzunguka mabegani. Alitaka kuuliza. Nikamwashiria asiulize.

Nyumbani tulifika magharibi imeshaingia. Shemeji alikuwa amekaa barazani, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Aliuliza safari ilikuwaje. Dada akamjibu kwamba ilikuwa nzuri, kisha akamwuliza ndoo ilikuwa ya nini.

Shemeji alilitazama goti lake. "Niliwasikia mnakuja," alisema. "Halafu nikaona mnashuka. Hamkushuka kama ndege ya kushuka, mlishuka kama ndege ya kuanguka. Nikachukua maji."

"Ndoo moja?"

"Ndiyo iliyokuwa imejaa."

Dada alikaa chini pembeni yake. Nilingoja amseme, maana kwa miezi goti hilo lilikuwa halijafika shambani. Hakumsema. Aliinuka akaenda kuleta maji ya moto, akachukua kitambaa, akaanza kulikanda, na safari hii lilikuwa limevimba kweli.

Mkwe alilala mpaka kesho yake saa nne. Alipoamka, dada alimpelekea uji mwepesi yeye mwenyewe, akasimama mbele yake. "Kunywa unachoweza, baba. Ukitosheka sema." Kijana aliposema ametosheka akiwa nusu ya bakuli, dada aliondoa bakuli bila kunitafuta.

Majirani walikuja jioni kutazama picha. Mkwe akazionyesha za Kaole, kisha za kwao. Kuna kasri moja limekaa juu ya jabali jeupe kama tai, chini yake ni mteremko mtupu. Watu wakasema subhanallah. Dada alilikazia macho.

"Wanawake wa humo," aliuliza, "maji waliteka wapi?"

Mkwe alikuwa amepita juu ya kasri lile miaka yote, hajaulizwa hivyo na mgeni yeyote. Akampigia mama yake kwa video. Akatokea mama mnene, mwekundu, amefunga kitambaa kichwani kama sisi tu, mkono mmoja una unga. Mkwe akamwuliza kwa lugha yao. Mama yule akacheka, akaeleza kwa mikono: kisima, kimechimbwa ndani ya jabali lenyewe, kinakwenda chini, chini, chini.

"Mwulize kina chake pima ngapi," dada alisema, akiwa ameichukua simu kabisa mkononi mwake.

Mama yule hakujua. Akaondoka kwenye kioo kwenda kumwuliza mumewe, nasi tukabaki tunatazama jiko lake tupu, sufuria inachemka, majirani wameinama wote juu ya simu moja, mpaka kifurushi cha intaneti kikaisha.