Upande wa Pili wa Kaseti

Ulikuwa mwaka ule watu wa Garissa walikula maharagwe. Anayetujua ataelewa. Sisi ni watu wa nyama na maziwa. Maharagwe tulikuwa tukiwaachia walimu na askari waliotoka bara. Lakini mvua kubwa ya El Nino ilipokatika, mbuzi walianza kutupa mimba na kufa, watu nao wakaugua na kutokwa damu, na serikali ikafunga kichinjio. Hata maziwa yakaogopwa. Basi mwanzoni mwa 1998 ungemwona mzee mwenye ngamia wengi ameinamia sahani ya maharagwe, anayasukuma kwa kijiko kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mimi nilikuwa muuza maziwa. Miezi ile jerikeni zangu zilikaa ukutani, midomo chini. Niliishi peke yangu mtaa wa Waberi, nyumba ya mabati, vyumba viwili. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Mwanangu wa kiume alikuwa na ngamia huko Hadado nilikozaliwa, na yeye si mtu wa kuleta habari. Akija analeta samli, anakunywa chai, anaondoka. Binti yangu alikuwa Ufaransa. Aliolewa na dereva wa Djibouti, na watu wa Djibouti walitawaliwa na Wafaransa, wanajua maneno yao. Waliondoka 1991 na mtoto wao wa pekee, mjukuu wangu, akiwa na miaka sita. Mgongo wangu ulikuwa umemzoea hata nikawa naona baridi bila yeye, na Garissa hakuna baridi.

Nitamsifu hapa kidogo, asiyetaka na aruke. Katika darasa la Wazungu watupu alikuwa wa kwanza wa hesabu. Si wa pili. Mimi bibi yake sikuingia shule hata siku moja. Kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la ngumbaru, na kwa kuwa lilikuwa la Kiswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili. Mwaka huo ninaousimulia nilikuwa bado sijui herufi. Kumbuka hilo, kwa sababu kosa lote lilitoka hapo.

Watu wetu wakiwa mbali hawakuandikiana barua. Walitumiana kaseti. Mtu alikaa na redio yake huko ughaibuni, akasema kwa saa nzima, akampa msafiri. Na kaseti ikifika haisikilizwi na mtu mmoja. Kila jirani anakuja, kwa sababu kila mmoja ametajwa jina na kupewa salamu, na salamu ya mtu ni haki yake. Ukisikiliza peke yako wanasema umekula salamu za watu.

Kaseti ya mwezi wa tatu ililetwa na mfanyabiashara aliyepitia Nairobi. Sisi tukisafiri kwenda Nairobi husema tunaenda Kenya, kana kwamba pale daraja la Tana panapoanza vizuizi vya polisi ndipo nchi inapoanzia. Basi mfanyabiashara alitoka Kenya na kaseti yangu mfukoni, na kabla jua halijashuka ua wangu ulikuwa na watu. Alikuwepo jirani yangu muuza sambusa. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa ukoo, mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kuamrisha ngamia. Na alikuwepo mwalimu mmoja kutoka bara, Mkristo, aliyepanga nyumba ya nyuma. Miaka kumi na mbili Garissa. Kisomali alikisikia vizuri kuliko alivyokisema.

Upande wa kwanza ulikuwa salamu. Uliisha.

“Geuza, abaayo, dada yangu,” jirani akaniambia. “Mimi sijatajwa bado.”

Nikageuza. Kwenye karatasi ya kaseti palikuwa na maandishi, nami niliyaona kama nionavyo alama za miguu ya kuku. Nikabonyeza, nikaenda kumimina chai.

“Hooyo,” sauti ya binti yangu ikasema, ya chini sasa, “kama nilivyokuandikia hapo nje, bila shaka umesomewa, na sasa uko peke yako.”

Mwalimu akaichukua ile karatasi akasoma. Uso wake ukabadilika. “Mama, ameandika: upande wa pili usikilize peke yako.”

Nilikuwa na birika mikononi. Nilipolitua, shemeji yangu alikuwa ameshaweka kiganja chake juu ya redio. “Iache iseme. Sisi ni watu wa nyumba.”

Ikasema. Mtoto amefukuzwa shule. Alikuwa ameanza kuvaa mtandio, ule niliomtumia mimi, nikaupinda ncha kwa sindano yangu. Mwalimu mkuu ni mwanamke, na si mbaya, binti yangu akasema. Amekaa na mtoto mara tatu, amembembeleza. Alimweleza kwamba huko dini inaachwa mlangoni, kwamba ndani ya shule hakuna wa msikiti wala wa kanisa, wote ni watoto wa Ufaransa. Mtoto akamjibu: nitavua ayeeyo wangu, bibi yangu, akiniambia nivue.

“Si mimi, hooyo. Si baba yake. Wewe. Baba yake anataka asivue, mimi nataka asome, na ndani ya nyumba hatuongei. Rekodi kaseti umwambie avue. Mwambie ulivyovua wewe siku ile ya msako, mbele ya karani, upate kipande chako. Hukufa.”

Baada ya hapo kaseti ilibaki na ule mlio wa upepo. Jirani hakutajwa.

Watu wote wakasema pamoja.

“Nchi gani hiyo?” jirani akauliza. “Nasikia mtu akiitukana dini kwenye gazeti anaachwa. Mtoto akifunika nywele anatolewa nje.”

“Ni kweli,” mwalimu akasema. “Huko mtu anaandika lolote juu ya rais, juu ya Papa, juu ya Mungu mwenyewe, na jioni anakwenda kwake.”

“Basi mdomo una uhuru, kichwa hakina,” jirani akasema.

Mwalimu akazungusha kikombe chake. “Na hapa je, mama? Mimi nikisimama kwenye hoteli ya chai nikasema yote ninayofikiri kuhusu dini yenu, nitamaliza kikombe?”

“Utamaliza,” shemeji yangu akamjibu. “Lakini umalize haraka.”

Walicheka, mwalimu naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria lile neno la mlangoni. Mlangoni pa msikiti tunaacha viatu, na ukitoka unavikuta, kama una bahati. Lakini mtandio si kiatu. Na yule mwanamke wa Ufaransa, naye sikuweza kumchukia. Alikaa na mjukuu wangu mara tatu. Mimi sikuwa nimekaa naye kwa miaka saba.

“Chukua kaseti tupu,” shemeji yangu akaniambia. “Mwambie asivue. Akivua amepotea.”

“Na asiposoma?” jirani akauliza.

“Atasoma Kurani.”

“Na hesabu?”

“Wewe kaanga sambusa zako.”

Sasa ni lazima niseme habari ya ule msako, ingawa ni jambo nililolificha. Miaka minane kabla ya hapo serikali ilitupanga foleni sisi Wasomali tuthibitishe kuwa ni Wakenya. Makabila mengine hayakupangwa. Babu yangu alizikwa Hadado kabla haijakuwapo hiyo Kenya ya kuulizwa. Tulipewa kadi ya pinki ya kuongezea kwenye kitambulisho, na asiyekuwa nayo angeweza kupandishwa lori na kumwagwa mpakani. Wazee wa ukoo walikaa kando ya karani kuthibitisha nani ni wa nani. Nilipofika mbele, karani alisema kitambulisho changu kimechakaa, kwanza nipigwe picha mpya, na masikio yaonekane. Nikasimama. Sikuwa nimekataa wala kukubali, nilisimama tu, kama ngamia anayefikiri. Ndipo mmoja wa wale wazee, mtu wetu, akasema kwa sauti: vua, vua haraka, unachelewesha watu.

Nikavua. Nyuma yangu alikuwa binti yangu amembeba mtoto, na mtoto akauliza, “Ayeeyo, kumbe una masikio?” Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Kadi nikapata. Sijawahi kujua kama siku ile nilivua mwenyewe au nilivuliwa.

Yule mzee aliyesema vua haraka ndiye huyu aliyekuwa ameketi uani kwangu, anakunywa chai yangu.

“Shemeji,” nikamwambia, “siku ile wewe ndiye uliyesema nivue.”

“Siku ile ilikuwa dharura.”

“Na hii?”

“Hii ni dini.”

“Kichwa kilikuwa changu siku ile. Wewe na karani mlikipangia, hakuna aliyeniuliza. Leo unataka mimi nimpangie mtoto.”

“Wewe ni bibi yake. Amri ya bibi si ya karani.”

Na hapo alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Ndani yangu nilikuwa na amri mbili. Nilitaka asome, kwa sababu mama yake nilimsomesha kwa kuuza maziwa alfajiri huku wanawake wakiniuliza ninalea binti au ninalea karani. Na nilitaka avae, kwa sababu mtoto aliye mbali akivaa kitu ulichoshona ni kama bado amekushika mkono. Zote mbili zilikuwa kwa ajili yangu. Niliona hivyo, na sikupenda nilichoona.

“Kichwa hicho si changu,” nikamwambia, “na sitakitolea amri.”

Akasimama, akachukua fimbo yake. Chai aliiacha nusu.

Kesho yake nilifunga mlango nikarekodi. Nilimpa binti yangu pole. Nilimsalimia mtoto. Nilimwambia jirani muuza sambusa amelalamika, amtaje safari ijayo. Kisha nilisema maneno yale yale niliyomwambia shemeji, sikuongeza kitu, na upande mzima uliobaki nikauacha mtupu.

Kaseti nyingine haikuja. Aprili ikapita, Mei ikapita. Kichinjio kilifunguliwa, nyama ikarudi, maziwa yakarudi, nikarudi sokoni na jerikeni zangu. Shemeji yangu alipita mbele ya ua wangu kila siku akienda msikitini na hakugeuza shingo. Sokoni wanawake walijua. Wengine walisema nimemwacha mtoto apotee dini, wengine nimemwacha apotee masomo. Mmoja tu aliniuliza kama nalala. Nilimwambia nalala. Nilikuwa narudisha upande wa kwanza, ule wa salamu, nausikiliza mpaka utepe ukaanza kukokota na sauti ya binti yangu ikawa nzito kama ya mwanamume.

Mwezi wa saba nikaitwa kwenye duka lenye simu. Dukani vijana walikuwa wanabishana kuhusu mpira, kwa kuwa wiki ile Ufaransa ilikuwa imechukua Kombe la Dunia, na baadhi ya wachezaji wake, walisema, wana majina ya Kiislamu kama yetu. Niliwaambia wapunguze kelele, Ufaransa wenyewe wako kwenye laini.

“Hooyo,” binti yangu akasema, “ungeona barabara usiku ule. Jirani wa ghorofa ya chini, asiyejibu salamu, alinikumbatia. Akasema sasa sote ni Wafaransa.”

“Na asubuhi yake?”

Simu za wakati ule neno lilikwenda likakaa kidogo ndipo likarudi. “Asubuhi hakunisalimia.”

Nilimwuliza mtoto anaendeleaje. Alikuwa anasoma nyumbani kwa karatasi zinazoletwa na posta. Rafiki hana hata mmoja. Wale waliovaa mitandio wanasema walipoandamana hakwenda nao, wale wasiovaa wamemsahau. Anakaa dirishani. Shule itampokea Septemba, darasa lile lile, akivua.

“Kaseti yako ameisikiliza,” binti yangu akasema. “Anasema labda kuna neno ulilosema nikalifuta. Anataka akusikie mwenyewe. Nampa simu.”

Nikasikia pumzi. Kisha sauti ya msichana mkubwa nisiyemjua.

“Ayeeyo.”

Kisomali chake kilikuwa kimevunjika, anakitafuta neno kwa neno. Nilimwuliza amekula nini. Akasema mkate. Nilimwuliza kama ni mrefu. Akasema ni mrefu kuliko mama yake. Nikataka kuendelea kumwuliza hivyo hivyo mpaka laini ikatike, lakini yeye hakuwa amekuja simuni kwa hayo.

“Nimechoka, ayeeyo. Nikivaa, mama analia. Nikivua, baba hataniangalia. Sema wewe. Ukisema nivue, navua leo. Ukisema nisivue, sivui kamwe. Sitakulaumu.”

“Wewe unataka nini?”

Neno likaenda, likakaa. “Sijui.”

Mwenye duka alijifanya anapanga sabuni. Nilishika ile simu kwa mikono miwili. Nilijua kwamba neno moja tu, lolote kati ya yale mawili, lingemfanya awe wangu tena. Popote atakapofika duniani angekuwa amefika kwa sababu ayeeyo wake alisema. Na nilijua nisiposema ataweka simu chini akiwa peke yake, nami nitarudi Waberi nikiwa peke yangu, na huenda sauti hiyo nisiisikie tena.

“Ayeeyo,” akasema. “Tafadhali. Niambie.”

“Kichwa hicho si changu, na sitakitolea amri.”