Katuni za Enzi Zetu

Nilikuwa nimejisifu mno kuhusu katuni zile. Kila mara wauguzi wenzangu walipolalamikia vitu wanavyotazama watoto wa siku hizi, mimi nilikuwa na dawa: warudisheni kwenye katuni za kitambo. Hakuna matusi, hakuna mapenzi, ni kukimbizana, kuanguka na kutandikana sufuria vichwani. Nilisema hivyo kwa kiburi cha mtu anayejua amelelewa vizuri.

Basi Ijumaa ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu, akitimiza miaka saba, tulitoka kanisani Mesaimeer, huku ugenini ambako ibada yetu ni Ijumaa, tukawakusanya watoto wa jengo letu sebuleni. Kulikuwa na Wafilipino wa ghorofa ya chini na mama yao, Wahindi, na Mlebanoni mmoja. Mwafrika alikuwa mwanangu peke yake, na sikuona neno. Jana yake nilikuwa nimemsuka mwenyewe, vifundo vilivyosimama wima, kila kimoja na riboni nyekundu. Kanisani akina mama walimsifu mpaka akajificha nyuma yangu.

Nikawawekea katuni niliyoipenda kuliko zote nikiwa mtoto. Bata anamletea mbweha keki, na ndani ya keki kuna baruti. Nilijua kinachokuja, kwa hiyo nilianza kucheka utambi ukiwa bado unawaka. Keki ikalipuka. Moshi ulipotawanyika, mbweha alikuwa mweusi tii, midomo imemvimba, myekundu kama nyanya, na kichwani vifundo vya nywele vimesimama wima, kila kimoja na riboni.

Nyumbani Nakuru tuliitazama kwenye televisheni ya jirani, isiyo na rangi, na watoto wote tulikuwa na vichwa hivyo hivyo. Hakukuwa na wa kugeukiwa. Hapa waligeuka wote kumtazama mwanangu. Hawakuwa na ubaya. Ni watoto, waliona vitu viwili vinavyofanana.

Binti yangu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akanikuta kinywa wazi, kicheko hakijaniisha. Akafikiri kidogo. Kisha akacheka pia, akaenda kusimama kando ya televisheni, akabenua midomo, akatoa macho, akatikisa riboni zake. Wakampigia makofi. Wakamwomba arudie, akarudia.

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kuzima kungekuwa kukiri, mbele ya yule mama Mfilipino, kwamba nilikuwa nimeketi pale nikijicheka mwenyewe. Nikaenda jikoni kujifanya natafuta juisi, mimi ninayebishana na madaktari bila woga.

Wageni walipoondoka, alikuja akaketi katikati ya magoti yangu.

"Mami, nifungue nywele."

"Si ulizipenda?"

"Nifungue tu."

Nikamweleza haraka haraka kwamba waliochora vile walikuwa watu wa zamani, wa mbali, hawakuwahi kukaa na watu kama sisi.

"Ni ujinga tu," nikasema. "Hawakuwa wanatujua."

Nikafika kwenye riboni za nyuma.

"Lakini wewe unatujua, mami. Na ni wewe ulicheka wa kwanza."

Nikaendelea kufungua.