Dawa ya Paka Niliyompa Mama

Jamani, leo nimeaibika kwa daktari wa wanyama!

Anajaribu dawa mpya ya viungo kwa paka wazee, aone kama inafaa na kama haidhuru. Paka wetu ni mmoja wao, na dawa nilipewa mimi niwe nampa nyumbani.

Leo tulimpeleka, mama amempakata. Daktari akamgusa mguu, paka akalia.

"Haijamusaidia kabisa. Tuongeze mara mbili."

Paka hakuwahi kuionja, na kipimo hicho kingeweza kumuua.

"Docta, apana," nikasema. "Dawa nilikuwa nampa mama."

Magoti yake yalivimba, na kwa vita hivi famasi hazina kitu. Nilimdanganya kwamba nimeinunua kwa mtu mmoja wa famasi.

Daktari akamgeukia mama haraka. "Mama, tumbo haikuumi?"

"Apana, docta."

Akamwambia aiache leo hii, aende hospitali apimwe.

Watu kwenye benchi wakacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia, akasema polepole:

"Na mi kila swala namuombea dua yule mutu wa famasi."

Njia nzima hadi nyumbani Buyenzi alimbeba paka mwenyewe, nilipotaka kumpokea akakataa.

Nyie mngeanzaje kumwomba radhi?