Gitaa la Besi Si Ngoma

Harufu ya ngozi ya mbuzi inapoanza kushika moto wa makuti siipendi mpaka leo. Wengine wakiinusa wanafurahi, maana wanajua ngoma inapashwa moto na muda si mrefu itaanza kulia. Mimi inanirudisha kwenye ua wa nyumba yetu ya Bagamoyo, nyuma ya soko, miaka ile ya sitini nilipokuwa bado nacheza mdako, na nikishafika pale hasira inanipanda kana kwamba jambo lenyewe limetokea leo asubuhi. Shule niliishia darasa la nne, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu. Hili nitaliandika, maana walioliona kwa macho wamekufa wote isipokuwa mimi, na aliyelisemea uongo aliusema kwa sauti kubwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Siku za kazi alishona kanzu na magauni barazani, na Jumamosi alipiga gitaa la besi katika bendi ya mji. Gitaa halikuwa lake, lilikuwa la bendi, jekundu, linang'aa kama kucha za bibi harusi, na nyuzi zake nne nene kama mishipi ya kuvulia papa. Lilikaa kwetu kwa sababu chumba chetu cha nyuma kilikuwa kikavu. Lililala juu ya kitanda cha kamba, limefungwa kwa khanga kuukuu ya mama, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya khanga baba akilizungusha. Wakati huo ndipo alipokuwa akinieleza mambo yake. Gitaa ni mti, alikuwa akisema, na mti hauachi kuwa mti kwa kupakwa rangi. Mlango wa chumba kile masika ulivimba mpaka tuusukume kwa bega, na kaskazi ikishika ukajifungua wenyewe. Shingo ya gitaa nayo ni hivyo hivyo. Masika inajaa unyevu, jua likikaza inajikunja, na nyuzi zinaifuata. Zikipanda juu, vidole vya mpigaji vinauma. Zikishuka mno, zinakwaruza vile vyuma vya shingoni na kulia kama nzi aliyenaswa chupani. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli ikiisha, baba alilibeba kwenye basi mpaka Dar es Salaam kwa fundi wa magitaa. Fundi alikaza au kulegeza chuma kilichopita ndani ya shingo, akazishusha nyuzi pale zinapostahili, akafuta chumvi na kutu. Nyuzi zikibadilishwa, alilipeleka tena. Likipigwapigwa ndani ya lori bendi ikienda kupiga kijijini Mkange, alilipeleka tena, hakusubiri msimu. Nilidhani kila mtu anajua hivyo, kama kila mtu anavyojua kisu kinanolewa kabla hakijawa butu kabisa.

Mwenyekiti wa bendi hakujua, na hakutaka kujua. Aliitwa Mzee Chande, mtu wa Kaole, aliyekulia kwenye ngoma. Mkono wake kwenye ngoma ulikuwa mzuri, hilo silikatai. Lakini kwake yeye chombo kibovu ni kile kilichopasuka, na kabla hakijapasuka kiache. Vuli ya mwaka ule ilipokwisha baba alimwendea kumkumbusha safari ya fundi. Mzee Chande akamwuliza mbele ya wapigaji wote, "Gitaa linalia au halilii?" Baba akajibu kwamba linalia. "Basi wewe bwana una maradhi gani? Mtoto hana hata homa, unambeba kumpeleka hospitali!" Watu wakacheka, na safari ikafa pale pale. Jua la kaskazi likaja na nyuzi zikapanda. Baba alirudi kutoka mazoezini ncha za vidole zimechubuka, mama akawa anampaka mafuta ya nazi na kusema, "Ukiharibu vidole hivi, kanzu za watu atashona Mzee Chande?"

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Palikuwa na harusi mjini na bendi ilialikwa kupiga jioni. Asubuhi baba alikwenda Dar es Salaam kununua uzi na vifungo, akasema atarudi kabla ya alasiri. Adhuhuri ilipopita, Mzee Chande akaingia uani kwetu na ngoma tatu, kwa sababu ua wetu ulikuwa mpana, akawasha makuti, akazipanga ngoma kuuzunguka moto. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Ngozi ikipoa inalegea, ikipata moto inakaza na sauti inatoka. Kisha akaingia chumba cha nyuma bila kubisha hodi, akatoka na gitaa, akalifungua khanga. "Na hili nalo limepoa," akasema peke yake, "ndiyo maana siku hizi linakwaruza." Akaliegemeza kwenye kinu, mgongo wake ukiuelekea moto, katikati ya ngoma mbili.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamwamkia shikamoo kama inavyopasa, akaitikiwa marahaba, kisha akasema, "Mzee Chande, hilo si ngoma. Halina ngozi."

"Mama Salima, mwanamke anaijua sufuria yake. Kapike."

"Na sufuria naijua vizuri, ndiyo maana najua moto unafanya nini. Mwenyewe hayupo, mngoje arudi."

Akaliondoa motoni. Mzee akalirudisha. Mama akaliondoa tena, na mzee akalirudisha tena, safari hii akakaa mbele yake kwenye kibao na kukunja miguu. Mama angefanya nini? Amvute kanzu mtu wa umri wa baba yake? Akarudi jikoni. Mimi, Salima mwenyewe, nilikuwa kwenye ukuta wa bafu na kete zangu za mdako, na nilinusa ile rangi ilipoanza kuungua. Haikunuka kama ngozi. Ilinuka kama kitana cha plastiki kikianguka kwenye mkaa. Mzee akaligeuza gitaa, akaliangalia, akalifunga upesi kwenye khanga na kulirudisha ndani. Asiseme mtu kwamba hakujua alichokifanya. Alijua tangu dakika ile.

Jioni baba alirudi na kwenda moja kwa moja uwanjani kwenye harusi, wenzake wameshalipeleka gitaa huko. Alipolipiga gitaa likatoa sauti ya kukwaruza, kisha uzi wa kwanza ukawa haulii kabisa, na shingo yake ikionekana kwa macho imepinda kama upinde. Bendi ikapiga bila besi. Watu wa harusi wakaanza kunung'unika kwamba muziki umekuwa mwembamba, hauchezeki, wamealika bendi nzima wameletewa nusu. Hapo Mzee Chande akasimama, akainua mikono, akasema mbele ya umati kwamba bendi haina kosa. Gitaa lilikuwa limelazwa chini, mke wa fundi cherehani akaliruka, na chombo cha muziki kikirukwa na mwanamke hakifai tena. Mimi sikupata kumsikia mzee yeyote wa pwani hii akisema hivyo kabla ya siku ile. Aliyatunga pale pale, na watu wakayapokea kama wanavyopokea sahani ya pilau.

Msomaji ataona ni maneno tu, yatapita. Hayakupita, kwa sababu mama yangu alikuwa mpigaji wa ngoma ndogo kwenye harusi za wanawake. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake na heshima yake. Bibi harusi wa mtaa wetu hakutolewa nje mpaka mama Salima awe amekaa, amevuta ngoma mapajani, ameipiga kwa vidole mara mbili kuisikiliza. Baada ya siku ile, bombani wanawake walianza kuvuta ndoo zao wakimwona anapita karibu. Kwenye harusi iliyofuata alinyoosha mkono kuchukua ngoma, na mwanamke aliyekula naye sahani moja miaka mingi akamwambia kwa kicheko, "Shoga, leo pumzika, kaa kule mkekani. Tusije tukarukiwa." Nilikuwa nimemshika baibui. Aliurudisha mkono, tukaenda kukaa mkekani.

Bendi ilikutana barazani kwetu kujadili gitaa. Baba alikuwa mpole, na upole wake siku ile mpaka leo unanichoma. Alianza kuwaeleza habari za mti na unyevu, taratibu, kama mtu anayeomba samahani kwa kosa la mwingine. Mimi nikasema kutoka mlangoni, "Mzee Chande ndiye aliyeliweka motoni, nimemwona!" Mmoja wao akanikemea, "We mtoto, ingia ndani, wakubwa wanazungumza." Basi mama akatoka. Hakuwa na kawaida ya kutoka mbele ya wanaume walioketi, lakini alitoka, gitaa mikononi, akaligeuza mgongo na kuliweka juu ya meza ya cherehani. Rangi nyekundu ilikuwa imevimba malengelenge kutoka juu mpaka chini.

"Tazameni vizuri," akasema. "Nimeliruka au nimelikaanga?"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mzee Chande naye akacheka, na hicho kicheko chake ndicho nisichokisamehe, akasema, "Haya mama, umeshinda. Yaishe."

"Hayaishi hapa. Hukuyasemea hapa. Uliyasemea uwanjani mbele ya watu wa harusi, nenda kayafute kwa watu wale wale."

"Inshallah," akasema.

Hakwenda. Gitaa lilipelekwa Dar es Salaam, shingo ikanyooshwa, ingawa fundi alisema haitakuwa tena kama zamani. Bendi ikakubaliana kwamba kuanzia hapo litakwenda kwa fundi kila masika yakiisha na kila vuli ikiisha, bila mjadala. Baba alipata alichokuwa akikidai, na akaridhika. Mama hakupata kitu. Wale waliocheka barazani walikwenda zao, na uwanja mzima wa harusi ulibaki na yale ya mwanzo. Miaka iliyobaki ya maisha yake sikumwona akishika ngoma. Ila alipokuwa akichagua mchele, nilisikia vidole vyake vikipiga ukingo wa sinia, mara mbili, kisha kimya.

Leo mjukuu wangu Twaha anapiga besi kwenye bendi ya vijana, na anakaa kwangu na mkewe Rehema. Siku hizi fundi yuko mtaa wa pili, hapandi basi, hapotezi siku. Nimemwambia tangu aliponunua gitaa lake: masika yakiisha, vuli ikiisha, na kila ukibadilisha nyuzi au likisafirishwa vibaya, lipeleke. Jibu lake? "Bibi, halijaharibika." Misimu minne limekaa kwenye kona ya sebule, dirisha wazi, upepo wa chumvi unaliingia. Mwezi uliopita nyuzi zikaanza kukwaruza katikati ya shughuli ya watu. Nikamsikia kibarazani ameshika simu mdomoni, anawatumia wenzake sauti: "Jamani samahani, mke wangu alikuwa anadeki, kalisogeza gitaa, kaliharibu." Rehema yuko mlangoni na ndoo, amesikia, ameinamisha kichwa.

Sikumbuki kuinuka, ila nilijikuta nimesimama mbele yake. Nilimwuliza amesema kwa watu wangapi. Akasema kundi lote la bendi, Bibi, ni utani tu. Nikamwambia vizuri, basi utaliambia kundi lote, hapa hapa, nikikusikia, na Rehema akiwa amekaa kwenye kiti. Akacheka. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akaileta simu mdomoni, akasema, "Jamani, lile gitaa si Rehema. Ni mimi, sikulipeleka kwa fundi."

Nikamwambia arudie. Mara ya kwanza alinong'ona.